Mimi Ndiye Niliyekutuma Mashineni

Baba,

Shikamoo. Deo amelala baada ya kulia asubuhi nzima, meno yanamtoka. Nguo zimelowekwa, chakula bado. Nimekaa chini kuandika kabla sijabadili nia, maana hili jambo nimelibeba tangu tulipokuzika na sina wa kumwambia zaidi yako.

Kesho kutwa ndugu wanakuja kuweka msalaba. Baba mdogo atakuwepo. Msibani alisimama mbele ya watu akauliza, "Kaka ametoka jeshini apumzike. Nani alimtuma akakanyage mpunga wa watu juani?" Mimi nikainama, nikajifanya namfunga Deo kanga.

Ni mimi niliyekutuma.

Unakumbuka ulivyostaafu ukaja kukaa kwangu. Saa kumi na moja alfajiri ua umefagiwa, kitanda kimetandikwa kama hakijalaliwa, halafu unaingia jikoni kwangu kupitisha kidole chini ya masufuria. Deo akilia unamwamuru anyamaze. Mchana unakaa na viatu miguuni unatazama barabara, kama kuna gari litakuja kukuchukua. Hilo la barabara ndilo lililoniuma, lakini nilichofokea ni masufuria: "Baba, mimi si kuruta wako. Tafuta kazi." Baba Deo yuko Kidatu kwenye miwa, mimi nalala vipande vipande, mdomo ukaniponyoka. Wiki haijaisha nikasikia kwenye mashine ya kukoboa wanataka msimamizi wa uwanja wa kuanikia mpunga. Nikakupigia pasi shati.

Siku ya kwanza ukapuliza filimbi, ukawapanga mstari akina mama wanaogeuza mpunga, ukawaambia wajihesabu. Mama Salome akakupigia saluti na reki mkononi: "Afande, tuhesabu na walio tumboni?" Uwanja mzima ukacheka. Ulirudi nyumbani hukugusa chakula. Ukasema, "Wamenicheka, mwanangu. Sirudi."

Nikasema, "Utarudi."

Ukarudi. Mengine hukunisimulia, nimeyapata msibani kwa Mama Salome. Eti siku moja wingu lilitokea upande wa Udzungwa, wenzako wakakimbilia maturubai ya mpunga yaliyo bondeni, maji yanakotuama. Wewe ukawazuia. Ukataka waanze na turubai la kwanza kwenye daftari, kwa mpangilio. Mvua haikungoja mpangilio. Mpunga wa mama mmoja wa Sanje, mavuno yake yote, ukaloa. Akina mama wakajua sasa utawafokea wao. Wewe ukavua viatu. Siku tatu uliugeuza mwenyewe kwa miguu, mistari imenyooka kama gwaride, na Mama Salome nyuma yako, "Kushoto, kulia, Babu! Kushoto, kulia!" Mwingi ulikauka, mwingine ulikuwa umeshachipua. Ukamwomba yule mama msamaha mbele ya wote, kisha ukawageukia wenzako: "Nyie mnaijua mvua. Mkikimbia, na mimi nakimbia." Filimbi haikusikika tena.

Mimi huku nyumbani niliona tu kwamba umeanza kurudi na pumba kwenye nyusi, na kwamba unacheka peke yako ukinawa. Sikukuuliza unacheka nini. Nilifurahi tu kwamba jiko limekuwa langu.

Sasa lile lenyewe.

Asubuhi ile ulikaa kwenye kigoda ukifunga kiatu kimoja, muda mrefu. Jasho lilikuwa linakutoka na jua lilikuwa halijapanda. Niliona, Baba. Niliona, nina Deo mgongoni na uji unataka kufurika, nikasema, "Baba, utachelewa." Ukainua uso, ukatabasamu. "Naam, mkuu." Ukaenda.

Saa nne ikaja bajaji. Mama Salome alikuwa ndani, peke yake, viatu vyako mapajani. Kabla hajashuka nilishajua. Alisema ulianguka katikati ya mpunga, wakakukimbiza hospitali wamekushika mikono, huyu huku na huyu huku, na kwamba hukufika.

Nimejiuliza sana. Kukutuma kazini sijutii. Niseme kweli hata ukinikasirikia. Ungeendelea kukaa na viatu vyako ukitazama barabara ile, ungekwisha mbele ya macho yangu, na mimi ningeita hiyo mapumziko. Kule ulikuwa na watu wa kukutania. Kule ulikosea, ukavua viatu. Lakini asubuhi ile, ile moja tu, ningekwambia kaa. Baba, kaa kidogo. Maneno matatu. Hilo wa kunisamehe ni wewe, na wewe hunijibu.

Basi sikiliza nitakachofanya. Kesho kutwa, baba mdogo akiuliza tena, sitainama. Nitamwambia hapo hapo kaburini: mimi ndiye niliyemtuma. Nitamweleza ulivyokuwa kule, na kosa lako la mvua nitalisema, usione aibu. Na la kiatu nitalisema pia, kwa mdomo wangu, nisingoje mtu mwingine alichimbue. Akinisema, aniseme. Nakuahidi.

Deo anaamka, namsikia anajigeuza.

Kwaheri, Baba. Lala. Leo sina haraka na wewe.

Mwanao