Dawa ya Njano

Tarehe nne Machi, mwaka wangu wa thelathini na moja ugenini

Dada yangu,

Leo nina furaha ya mtoto. Kwenye kliniki ninakowatafsiria wakimbizi wenzangu, muuguzi huwapaka watoto dawa ya kuzuia meno kuoza siku ya chanjo. Ni ya njano, na akina mama walikuwa wakiifuta, wakidhani ni uchafu. Asubuhi nilipanua kinywa nikapakwa mbele yao.

“Babu, meno yenyewe mawili tu, unalinda nini hapo?” mmoja akanitania.

“Ningepakwa utotoni, yangekuwepo yote.”

Walicheka. Watoto kumi na tisa wakapakwa, na hakuna mama aliyefuta.

Kesho wanakuja wengine, nami ndiye mkalimani pekee. Chumba ulichonitunzia huko nyumbani miaka yote, wape wajukuu. Sirudi tena.

Kaka yako