Upande wa Wanaume

KITUO CHA POLISI NTLANGAZA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nothembile Gxowa
Umri: miaka 74
Kazi: mkulima wa mahindi na maboga
Makazi: kijiji cha Mthonjeni
Yamechukuliwa: 16 Agosti 2023, saa 3:20 asubuhi

Andika ninavyosema, Sajenti, si unavyopenda wewe. Jana ulimtia pingu mkaza mwanangu Nobantu mbele ya wanawake waliokuja msibani, na mimi nimeketi papo hapo kwenye godoro la mjane, hukuniuliza neno. Mama yako angekuona angeficha uso. Mjane hatoki godoroni kabla ya maziko. Leo nimetoka kwa ajili yako.

Mume wangu, tuliyemwita Jola kwa jina la ukoo wake, alikuwa na saratani ya mifupa tangu Novemba. Alilala kulia mwa mlango wa nyumba yetu ya msonge, upande wa wanaume. Nilimwambia ahamie kitandani kwangu. Akaniita kwa jina la ukoo wangu, akasema, "MaMpinga, usinihamishe sasa kwa kuwa sina nguvu za kugombana." Mwezi wa Julai mkono wake ulivunjika akijigeuza tu.

Kila asubuhi alitaka redio. Walikuwa wanabishana juu ya sheria ya kumruhusu daktari amsaidie mgonjwa kufa. Askofu alisema uhai si mali yetu. Wakili akasema mtu ana haki ya kuchagua. Jola akasema, "Wote wana sauti nzuri. Wamelala vizuri hao." Kisha akaniuliza kama sheria imepita. Nikasema bado. Aliniuliza hivyo siku nyingi. Siku moja nikamjibu, "Hata ikipita, daktari gani atavuka mto wetu? Hata panadoli haivuki." Alicheka, halafu akalia, maana kucheka kulimuumiza.

Mnamo tarehe 14 Agosti, saa nane mchana, Nobantu alirudi kutoka kliniki na chupa ya dawa ya maumivu. Aliiweka karibu na meko, katikati ya nyumba, akaenda mtoni kufua. Ndiyo maana alama za vidole vyake ziko kwenye chupa. Jola akasema, "Nipe yote." Alishaniomba mara nyingi nikamkemea. Siku hiyo sikumkemea. Nilimuuliza, "Na mimi nitaongea na nani?"

Akasema, "Utakuwa na Nobantu wa kumgombeza."

Nikamwinua kichwa, nikamnywesha kwa kikombe changu cha chai. Nilikaa naye mpaka jua lilipogusa ukuta wa zizi. Alipumua polepole, kisha hakupumua tena.

Unasema Nobantu ndiye aliyemnywesha kwa kuwa amekiri. Amekiri ili anikinge, mjinga yule. Wewe umelelewa mjini, Sajenti, ndiyo maana umemwamini. Mke wa mwana havuki kwenda upande wa wanaume. Miaka kumi na moja yuko kwangu, hajakanyaga pale hata kwa kufagia. Maji, uji, dawa, vyote alinipitishia juu ya meko. Mimi mzee niliruhusiwa zamani. Uliza nyumba yoyote Mthonjeni.

Na wale wa redio wasinitumie, si askofu wala wakili. Sijui kama nilimhurumia Jola au nilichoka kumsikia. Hiyo sheria yao itajuaje, ikiwa mimi niliyeishi naye miaka hamsini na mbili sijui? Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza siku ile. Tulikuwa wawili tu. Jana asubuhi nilimimina chai vikombe viwili, kimoja kikapoa.

Nimemaliza. Niliyoyasema ni ya kweli, na ni yangu mwenyewe.

(Alama ya dole gumba) Nothembile Gxowa

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha yake, akayakubali. Nilipomwonya kuwa maneno yake yanaweza kumtia hatiani, alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, akasema: "Ndiyo maana nimekuja. Zitoe pingu kwa Nobantu sasa hivi, arudi nyumbani akapike, waombolezaji hawajala. Na mwambie hivi: Jola atakapozikwa, avuke upande ule, aufagie."

Sajenti L. Mabhoza