Nilipeleka Pilau Kwenye Siku ya Dhiki

Mpendwa Shangazi Euphrasia, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimeumbuka hadi sijui nicheke au nilie. Binti yangu Maryam, wa darasa la sita, aliniambia wanasoma habari za Wamarekani wa miaka ya thelathini, kati ya vita vile viwili vikuu, benki zilipofunga milango na watu na suti zao wakapanga foleni ya kugawiwa supu, na kwamba kila mtoto apeleke chakula cha zama hizo, akaniuliza bibi yangu alikula nini, nikamjibu sisi hatukuwa na shida, kisha nikajiambia hapa ndipo heshima ya mtu wa Tanga inapopimwa, nikapika pilau ya mbuzi sufuria nzima, na kachumbari yake, nikaipeleka mwenyewe. Shangazi, nikakuta mezani supu ya kabichi, mikate mikavu na majani ya kuchemsha! Watoto wakaivamia pilau, Maryam akasimama pembeni machozi yanamtoka, na ndani ya gari akanifokea, "Mama, it was supposed to be poor food!" Yaani kilitakiwa chakula cha kimaskini.

Tangu hapo nikawa sipokei simu za mwalimu, nikijua atanisomea mashtaka, hadi juzi akanikamata getini, kumbe anacheka! Wallahi nilipumua kama niliyetua ndoo kichwani. Akasema sufuria ilirambwa, halafu akauliza, miaka ileile kwenu walikula nini? Anataka Ijumaa nikawasimulie watoto. Nikababaika, maana bibi alinihadithia bei ya mkonge ilivyoanguka miaka hiyo, baba yake akarudishwa nyumbani kutoka shambani na panga lake, wakaishi kwa makopa, ule muhogo mkavu, na mimi mwenyewe nimekulia makopa hayohayo Muheza, nikaapa mwanangu hatayajua. Nikiyasema mbele ya wenzake si nitamwaibisha mara ya pili? Au niseme nina zamu kazini?

Johari, Hyattsville, Marekani

Johari mwanangu,

Pole, ingawa nimecheka hadi mume wangu Leonard akaja kuuliza kulikoni. Nani kakutuma upeleke mbuzi kwenye njaa ya watu? Umesikia neno chakula tu, ukakimbilia kusaga viungo. Ndivyo tulivyo, mgeni akibisha hodi tunaficha kiporo.

Sasa tulia. Hakuna mashtaka, umealikwa. Na Maryam hakulizwa na pilau. Alikuuliza bibi yako alikula nini, ukamfungia mlango. Wenzake walifika na habari za bibi zao, yeye akafika na majivuno yako. Aibu hiyo ni yako, mama, usimvishe mtoto. Dhiki iliyowapanga foleni watu wa huku ndiyo hiyohiyo iliyomrudisha baba wa bibi yako nyumbani, na Maryam ana haki ya kuijua.

Zamu badilishana na mtu. Duka la Waafrika halikosi unga wa muhogo. Nunua, usonge bada, ugali wa hayo makopa, kama mnavyokula kwenu, na mlenda pembeni. Mwiko mpe Maryam. Mkiwa jikoni mweleze habari ya lile panga, aisikie kwako kabla ya darasa, na Ijumaa mwache aisimulie yeye, kwa Kiingereza chake hichohicho.

Halafu usitarajie miujiza, bada si pilau. Sufuria ikirudi imejaa usinune. Kaa chini na mwanao, muimalize.