Makangaga ya Josho la Zamani

Jumanne, Septemba 2004

Leo nimempiga Mzee Mutiso, mtu wa rika la baba yangu, kwa mpini wa jembe.

Nilimkuta ndani ya ua wa mradi wetu wa kusafisha udongo kule Lukenya, penye josho la zamani la ng'ombe, ambapo udongo umejaa aseniki ya dawa ya kupe. Alikuwa amefyeka makangaga yote tuliyopanda yafyonze hiyo sumu, na ndama wake alikuwa anaukaribia mzigo wa majani hayo. Nikapiga kelele aache. Akainua panga, akasema nikisogea atanikata. Ukame umeshamuulia ng'ombe wanne, na hapakuwa na kitu kingine cha kijani.

Nikampiga mdomoni. Akaanguka. Nikampiga tena, mgongoni, akiwa chini. Hilo la pili siwezi kulieleza. Ndama nilimfukuza kwa mawe, sijui kama alikuwa ameshakula.

Mzee akatema damu na jino. "Si ni wewe ulituambia kwa baraza ya chifu, hii majani inatoa sumu yote kwa udongo? Sasa sumu iko wapi?"

Ni kweli nilisema hivyo. Nilisimama mbele ya watu, wakanipigia makofi, nikaketi nimefurahi. Sikuwaambia kwamba sumu ikitoka kwenye udongo inakaa ndani ya majani.

Nimemvunja mzee jino kwa sababu aliniamini.