Nguzo Ndani ya Neva

Nairobi, 9 Novemba 1998

Kwa Baba Mdogo Mugendi,

Natumai ndege hawajaumaliza mtama, na kikohozi cha Mama kimetulia. Sweta aliyonifumia inanitosha.

Mama ameniandikia kwamba mmegawana shamba la marehemu baba yangu, na mimi mkaniruka. Eti ulisema, "Msichana anayeshinda maabara akichungulia nzi alishajikata na ukoo."

Basi nikueleze ninachochungulia. Funza anapogeuka kuwa nzi, neva zake huacha matawi ya zamani. Kila tawi lina nguzo nyembamba ndani zinazolishikilia. Nimeona nguzo hizo zikivunjika kwanza, huku ngozi ya nje ikiwa bado nzima. Ndipo tawi hukatika. Mwalimu wangu alibisha. Nilimwonyesha mara tatu kwenye hadubini, akakubali.

Nyinyi mmekwaruza ngozi tu, Baba Mdogo. Nguzo zangu bado zimesimama. Krismasi nakuja huko nyumbani Gachoka kupanda mkonge kwenye mpaka wa sehemu yangu. Mkiung'oa, nitapanda mwingine.

Ni mimi, binti wa kaka yako hata msipotaka,
Joyline Wambura