Raba za Nyuma za Prado ya Mwalimu

Jumanne, 4 Machi
Nimefagia uwanja tena nikizunguka miguu ya Njeri. Ndiyo inayoonekana tu. Mwili wote uko chini ya Prado ya Mwalimu Rotich wa Chepsaita. Kuku wamehama. Chai nimemsukumia hapo hapo chini.

Gari ilikuwa inagonga nyuma kila shimo. Njeri aliingia chini mara moja tu akasema shoki za kupunguza mrusho zinavuja, na zile raba za mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya nyuma, bushi, zimekwisha. Msichana wangu huyo! Langas nzima nionyeshe mwingine anayefungua gari kwa mama yake. Ni kazi yake ya kwanza tangu aache garage ya watu. Ikienda vizuri, zingine zitakuja. Ikiharibika, anarudi kule kupitishia wengine spana.

Nimemwambia Mama Abdi wa duka. Nimewaambia wa kwaya. Mwalimu ni mteja wangu wa viazi, kwa hivyo anapiga simu kwangu. Nikamwambia Alhamisi iko tayari.

Njeri alikuwa amesema Jumamosi. Lakini mimi najua mikono yake.

Jumatano, 5 Machi
Bolti moja imekataa. Kutu imeigandisha ndani ya bushi. Mafuta, nyundo, moto, wapi. Baba Abdi, mwenye lori, akasimama kwa geti: "Mama Njeri, hii gari imeota mizizi? Tuipalilie?" Watu wakacheka. Nikamwambia lori yake ilikula Krismasi juu ya mawe. Akaenda zake.

Ilitoka jioni. Njeri akapangusa mikono. "Mum, nani alimwambia Mwalimu ni kesho?"

Nimemwongezea nyama.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya.

Tangu asubuhi nilikuwa juu yake. Bado? Bado? Akaweka shoki na bushi mpya, akakaza bolti zote gari ikiwa imeinuliwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yananing'inia. Akaishusha. Nikashukuru Mungu. Yeye akasimama tu, anaangalia. Nyuma imeinuka kama kuku mwenye hasira.

Mwalimu akafika na tabasamu. Anataka kupeleka mama yake kliniki. Njeri akasema gari haitoki. Zile raba zinakazwa gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Yeye amezikaza magurudumu yakining'inia, sasa zimejipinda, zitararuka.

Nikamfinya mkono. Si gari inaenda?

"Leo hakuna mtu atajua, Mum. Atajua baadaye, na mamake akiwa ndani."

Mwalimu akaniangalia mimi, si yeye. "Mama Njeri, uliniambia iko tayari." Akapanda boda akaenda, uso umekunjana. Majirani wote wanaona. Nilimkasirikia mtoto wangu. Sana. Sijala.

Ijumaa, 7 Machi
Ameanza upya. Ameweka mbao nene chini ya magurudumu, gari ibebe uzito wake na yeye apate nafasi ya kuingia. Nikaingia pia, kumshikia tochi. Mtu wa umri wangu, na leso kiunoni! Akalegeza bolti. Gari ikashuka pole pole, kama mtu amefungua mshipi baada ya kushiba. Niliisikia mwenyewe. Akakaza tena.

Tukaijaribu kwa mashimo, mimi kiti cha nyuma, masikio wazi. Kimya.

Mwalimu hashiki simu. Nimepiga, nimepiga. Nimefagia mahali nimeshafagia. Na akiwaambia watu wa Chepsaita huyu msichana ni bure? Jina la mtoto liharibiwe na mdomo wangu. Njeri anasuka nywele kama hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu amekuja na fundi wa kwao. Fundi akaingia chini, akakaa huko. Nilitaka kueleza. Njeri akanitazama, nikafunga mdomo. Uchungu wa hiyo kazi!

Fundi akatoka. "Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Sawa."

Basi. Hiyo tu. Mwalimu amechukua gari. Chai amekataa.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Uwanja uko wazi, alama ya mafuta tu.

Mwalimu amepiga. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. Mama yake amefika kliniki bila kulalamika mgongo. Na kuna mwalimu mwenzake, gari yake inagonga. Nilikuwa tayari kusema Jumatano itakuwa tayari.

"Hapana, Mama. Nipe namba ya Njeri."

Nimempa. Sasa Njeri yuko kwa veranda, anaongea naye, anatembea huku na huku. Mvua inapiga mabati. Sisikii anamwambia siku gani.