Rahmo na Ramlo, Twiga wa Balambala

Mwaka umetimia leo, kaka yetu Nunow Korane, tangu ugonjwa wa sukari ukutoe mikononi mwetu, na mkeo Rahmo bado ana wivu. Tunasema ukweli, maana hukupenda kusifiwa kwa uongo. Anakulilia, anakuombea dua kila swala, kisha anafuta machozi na kusema, "Lakini alimpenda yule twiga kunishinda mimi."

Ulikuwa mlinzi wa jamii wa wanyamapori kwa miaka kumi na tisa. Nyumba yako ilikuwa hapa Waberi, mjini Garissa, ila wewe mwenyewe ulikuwa wa Balambala, kule kwenye migunga, twiga wanakopita kwenda kunywa maji Mto Tana. Kiangazi kikizidi uliwapelekea maji kwa punda, madumu manne manne. Siku ya Idd ulikula wali umesimama, ukaaga.

Hukuwahi kumpandishia mtu sauti. Hata mchoma makaa uliyemkamata ulimpa chai kwanza, ndipo ukamwonya.

Na kile kisa cha Ramlo, walaal, ndugu yetu, tutakicheka mpaka tukufuate. Ulimpigia simu Mowlid, mlinzi mwenzako, ukamwuliza, "Ramlo amejifungua salama? Anakula? Mtoto amesimama?" Kumbe Rahmo yuko nyuma ya pazia, anasikia yote. Basi! Kwetu mume akioa wa pili humpa wa kwanza zawadi ya kumfuta wivu, na yeye hakuwa amepewa hata mtandio. Akawachukua kaka zake wawili hadi Balambala kudai haki yake. Mowlid akanyoosha kidole: huyo hapo Ramlo, shingo juu ya mgunga, mtoto ubavuni. Kaka zake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka ng'o.

"Angekuwa mwanamke ningepambana naye," alisema. "Huyu nitamshindaje, na kope zile?"

Ulimnunulia bangili ya dhahabu hata hivyo. Aliivaa, na wivu haukupungua hata chembe.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako. Watu wa kampuni ya mafuta walikuja. Walitaka kuchimba palepale kwenye njia ya twiga, na kupasua barabara ya malori hadi mtoni. Kamati ya ardhi ya jamii ina watu kumi na watano: saba walikubali, saba wakakataa, na kiti kilichobaki kilikuwa chako. Wazee wakampa Rahmo. Subhanallah, tuliogopa! Nani Garissa hii hakujua anavyowachukia wale twiga?

Bwana wa kampuni alijua pia. Alikuja Waberi, akanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa ya ngamia, akasema kwa upole, "Mama, hawa wanyama walikunyang'anya mume. Sisi tukianza kazi, hutawasikia tena."

Rahmo alituambia baadaye kwamba maneno yale yalimwingia matamu. Alizikumbuka Idd zote alizokula peke yake na watoto. Alikumbuka ulivyokuwa ukiingia ndani na vumbi la kule na kuanza kuhadithia habari zao kabla ya kumsalimia. Kwa nini wao waendelee kuwepo, na yeye ndiye aliyebaki mjane? Kura moja tu, na wangekwisha. Kisha akamwona yule bwana anatabasamu, na hasira ikamgeukia. Huyu naye ni nani, wa kuingilia ugomvi wa nyumba ya watu?

"Maliza chai yako, bwana, uende," alimwambia. "Mimi na mke mwenzangu tumemgombania mume mmoja miaka kumi na tisa. Wewe hata hukumjua."

Jumatatu aliingia kwenye mkutano wa kamati, akainua mkono juu kabisa upande wa wanaokataa. Nane kwa saba. Kampuni ikafungasha. Wanawake walipiga vigelegele nje, na Hani, binti yako, akamkumbatia mama yake akisema, "Hooyo, kumbe uliwapenda!"

"Nani? Mimi?" Rahmo akamsukuma. "Siwapendi hata leo. Lakini niambie, Ramlo alimpa baba yako nini? Alikuwa akimkimbia tu. Mimi nimempa njia yote mpaka mtoni. Andikeni hilo kwenye kumbukumbu yake, ajue ni nani aliyempenda zaidi."

Basi tumeandika, Nunow. Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema peponi.

Unakumbukwa na mkeo Rahmo, watoto wako Hani na Liban, dada yako Bishara, kaka yako Yarrow, na Mowlid, ambaye kwetu ni ndugu. Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu.